Lebo ya Paris kwenye Gauni la Mama

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, mimi nilikuwa msomi. Kidato cha nne nilipata alama ambazo hata leo sizitaji mbele ya wanangu, lakini pale sokoni Songea, kwenye meza yangu ya mitumba, wake wa maofisa walinijia kama wanavyomwendea daktari. Walikuwa na swali moja tu: hili gauni ni orijino?

Nami nililishika, nikaligeuza nje ndani, nikanyamaza kidogo, maana ujuzi usio na kunyamaza hauheshimiwi. Nilianza na lebo ya shingoni. Lebo ya kweli imefumwa, haikupigwa chapa. Ukiikwaruza kwa kucha herufi hazitoki. Ukiinua ukingo wake, kitambaa kilichojificha chini kina rangi kali kuliko cha pembeni, kwa sababu hakijawahi kuonja jua. Kisha zipu: magauni ya sherehe ya zamani yana zipu ya chuma, mara nyingi ubavuni. Haya niliyajua kwa kufungua mabelo mengi, yale marobota ya mitumba. Nilipokuwa sijui, nilisema "Paris". Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Wateja wenyewe walikuwa wagonjwa wa lebo. Wanaume walivaa suti na lebo ikining'inia bado kwenye ncha ya mkono. Mwalimu mmoja wa kike aliniomba niing'oe ya shingoni niishone mbele, kifuani, kwa sababu ukumbini watu wangekaa mbele yake, siyo nyuma. Nilimkatalia kwa heshima ya taaluma, halafu nikamshonea.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, barazani kwetu Msamala. Kabla ya mitumba aliwashonea maharusi, hata wa kijijini Mpitimbi. Mabelo yalipoingia, kazi yake ikabaki viraka vya sare za shule na kupunguza mapindo ya magauni niliyouza mimi. Yaani nilimnyang'anya wateja, kisha nikampelekea mapindo. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba nguo hizi waliziita kafa Ulaya, na kwamba kila anapopunguza moja anamwombea marehemu.

Siku moja alichukua gauni moja refu la mezani kwangu ambalo panya walikuwa wamelitafuna upande mmoja, akaligeuza, akakaa nalo siku mbili. Mimi nilisoma lebo. Yeye alisoma mishono. Kisha akatoa satini ya zambarau aliyoitunza sandukuni tangu enzi za kupanga foleni ya kitambaa, akaikata bila kuchora, akashona jipya kwa mfano wa lile. Alipomaliza nilinyamaza, na safari hiyo sikuwa naigiza. Bega lilikaa. Bitana hukuweza kuona ilipoanzia.

"Litundike pamoja na yako," alisema. "Nataka nijue kama bado mimi ni fundi."

Nililitundika. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuwahi kuwa na meza sokoni Songea. Wanawake walilipapasa, macho yakawaka, kisha mkono ukapanda shingoni kutafuta lebo. Hakuna.

"Aa, kumbe la fundi wa hapahapa," wakalirudisha.

Kila jioni mama aliuliza, "Vipi, lile?" Nami nikajibu, "Wanalitazama." Juma la tatu akaacha kuuliza, na hilo liliniuma kuliko maswali. Akaanza kusema huenda akaiuza cherehani, eti macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima. Aliweza kutunga uzi huku anazungumza na jirani.

Basi nikafumua lebo ya lile gauni la panya, ya mshonaji wa Paris ambaye jina lake sikuweza hata kulitamka, nikajificha nyuma ya belo, nikaishona kwenye satini ya mama kwa uzi mweusi, harakaharaka. Kesho yake likanunuliwa. Mnunuzi alikuwa mke wa ofisa aliyehamia Ruhuwiko kutoka mkoa wa mbali, mama mcheshi, aliyenishukuru kwa kumtafutia kitu cha kweli.

Nilimwambia mama limeuzwa. Akapiga kigelegele peke yake pale barazani, mpaka jirani akachungulia. Akaitia cherehani mafuta. Sikusema zaidi, na kwa muda niliona nimefanya jambo jema.

Jumapili moja baada ya misa, yule mke wa ofisa akaja nyumbani kwetu. Alikuwa ameelekezwa kwamba Msamala kuna fundi mzuri wa kurekebisha nguo. Alishtuka kunikuta, akafurahi, akamwamkia mama shikamoo, akatoa gauni kwenye mfuko aliobeba.

"Nimenenepa kidogo, naomba unilegezee kiunoni. Ila taratibu, mama fundi. Hii siyo mishono ya huku kwetu."

Mama alilitambua kabla halijakunjuliwa, nilimwona. Akaligeuza, akafika shingoni, akaitazama lebo kwa muda mrefu.

"Nitaangalia, mama," alisema. "Njoo Jumatano."

Mteja alipoondoka, mama hakunigeukia.

"Mimi nilidhani wamenikubali," alisema.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akachukua wembe, akaifumua lebo. Nilijua inakwenda jikoni, motoni, na nilitamani iende. Lakini akatunga uzi wa zambarau, akairudisha palepale shingoni, akaanza kuishona upya kwa mkono, polepole, kitambaa kikiwa karibu na uso.

"Umeishona kama mtu anayekimbizwa," alisema. "Gauni langu halitoki hivi."

Jumatano yule mke wa ofisa alilijaribu chumbani kwetu, likamkaa vizuri. Alipolivua aliligeuza shingo, akanionyesha mimi, mjuzi mwenzake.

"Hebu ona. Hata lebo tu, angalia walivyoishona. Wenzetu wanajua kazi."

"Asante," alisema mama.

Mteja akadhani anashukuriwa kwa ujira aliolipa, akasema si kitu, akalikunja gauni lake na kuaga.