Feni Nyuma ya Kabati

Mume wangu alikuwa na desturi moja: kabla ya kunipiga, aliongeza sauti ya muziki. Spika zilinguruma dansi la zamani, vioo vya madirisha vikatetemeka, na majirani zetu wa Kilakala wakadhani leo mwenzao ana furaha. Kilichonitetea ni joto tu. Amplifaya yake aliifungia kwenye kabati la mninga lenye milango ya vioo, ufunguo mfukoni, eti vumbi la barabarani lisiiguse. Ikipigishwa kwa nguvu humo ndani, ilichemka na kujizima yenyewe. Hapo vilio vyangu vilisikika, na siku moja jirani yangu, mama anayeuza mdalasini wa kwao Kinole, alikuja kubisha hodi.

"Shoga, kuna nini huko?"

Mume wangu alimfungulia huku akitabasamu. "Karibu, shemeji. Tunataniana tu." Siku hiyo nikapona.

Hakuwa mjinga yule mshenzi. Jumamosi moja alilivuta kabati, akatoboa matundu mawili kwenye ubao wa nyuma, la chini la kuingiza hewa baridi, la juu la kutolea hewa ya moto, na hilo la juu akalifungia feni ndogo ya kompyuta. Ikavuma. Akaudhika, akanizaba kofi kana kwamba ninayevuma ni mimi. Kisha akaining'iniza kwa vipande vya mpira wa baiskeli isigusane na mbao, akaiunganisha na chaja ya umeme mdogo ili izunguke polepole. Aliifunga kwa upole ambao mwili wangu haujawahi kuuonja. Alipomaliza alitega sikio, hakusikia kitu, akacheka.

Jioni hiyo hiyo muziki haukukatika. Alinipiga mpaka akachoka mwenyewe, nami nikatema jino kwenye sinki. Nililia kwa woga zaidi kuliko maumivu, maana nilijua ataniua na watu watadhani tuna sherehe.

Kesho yake alipokwenda sokoni, nililivuta kabati, nikashindilia khanga kwenye yale matundu, nikalirudisha ukutani.

Aliporudi alikuta wali umeshika chini. Akaongeza sauti. Alianza na mkanda, akaja na ngumi, akanibamiza ukutani, na muziki bado unapiga tu. Mikono yake ilipofika shingoni mwangu, spika zikanyamaza. Nikapiga ukelele ambao nadhani ulifika milimani. Safari hii jirani hakubisha hodi. Alipitia mlango wa uani na mchi wake wa kutwangia, akamshushia wa bega, akamwongeza wa goti, akaanguka kifudifudi sakafuni.

Akiwa chini anagugumia, mume wangu aliona pindo la khanga limechomoza nyuma ya kabati. Damu inamtoka puani, lakini hakuuliza hali yangu wala yake.

"Nani kaiziba feni?"

"Mimi," nikamjibu. Nikauchukua mchi mkononi mwa jirani, nikaanza na vioo vya kabati.