Kiangazi cha Baba Mkwe Wangu

Baba mkwe wangu alifika kwetu Nyakabanda, Kigali, katikati ya kiangazi cha 1992, amevaa koti zito la sufu lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alishuka kwenye lori lililobeba watu waliokimbia vita kule kaskazini, kwenye milima ya Byumba. Alikuwa na fimbo, mkeka uliokunjwa na kiroba kidogo cha maharagwe. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Ng'ombe wake aliwaacha malishoni, na jambo hilo lilimuuma kuliko nyumba.

Kule kwao ni baridi. Ukungu hulala bondeni asubuhi nzima, na mzee asiye na koti huonekana kama hana watoto. Kwetu mjini, kiangazi ni vumbi jekundu na mabati yanayolia paa paa paa adhuhuri yanapopata moto. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, dari hamna, mabati juu ya vichwa vyetu moja kwa moja. Tulimpa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa na mlango wake wa barabarani. Tuliona tumemheshimu. Hatukufikiria kwamba jua la mchana kutwa linaishia upande ule ule.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya mizigo. Tangu vita vifunge njia ya Uganda walizunguka kupitia Tanzania, na safari moja ilimchukua wiki kadhaa. Alikaa na baba yake siku chache, akaniachia.

Kuniachia ndiko kulikokuwa na shida. Mimi nilikulia Buyenzi, Bujumbura, kwa Waswahili, ambako mkwe ni mkwe lakini mnakula pamoja. Kwa wazee wa huku haikuwa hivyo. Mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Jina lake lilikuwa na mlio wa neno la Kinyarwanda la jua, basi mbele yake jua nililiita kwa Kiswahili tu, na hata leo silitaji jina lile. Sikutakiwa kumgusa. Sikutakiwa kuingia chumbani kwake akiwamo. Na kubwa zaidi, baba mkwe hali wala hanywi mbele ya mkaza mwana. Nilikuwa naweka sahani na kikombe kwenye kigoda mlangoni, nakohoa, naondoka.

Tulizungumza mlango ukiwa umerudishwa, kwa Kiswahili chake cha mgodini. Ujanani alichimba madini ya bati, na wasimamizi waliwaamuru kwa lugha hiyo, kwa hiyo alijua vizuri maneno ya kuamuru: leta, chukua, simama, upesi. Mengine aliyaunga unga.

"Baba, umeamkaje?"

"Iko salama."

"Nikufungulie dirisha?"

"Hapana. Vumbi iko nyingi. Na watu wanaona."

Sahani zilianza kurudi zikiwa zimeguswa kidogo tu. Kikombe cha maji kilirudi kimejaa. Nilidhani ni majonzi. Mtu aliyepoteza makazi yake hawezi kula kama jana. Siku moja nilichungulia kupitia upenyo wa mlango nikaona mshumaa uliokuwa kwenye kisahani dirishani. Ulikuwa umepinda, kichwa kimeinama hadi kwenye mbao, na haukuwa umewashwa. Nilishangaa, kisha nikaenda kuchota maji bondeni, maana bomba la mtaani lilikuwa limekauka.

Siku ile ya Agosti nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Nikamsikia anapiga kelele kwa Kinyarwanda, sauti ya mtu aliye mbali mlimani: "Nani kafungua zizi? Rudisheni ng'ombe!" Nikanyamaza nisikilize. Akaita tena, sasa kwa kuvuta maneno, kama mlevi. Naye hakuwa mlevi.

Nilikwenda mpaka mlangoni nikakohoa. Nikaita, "Baba!" Hakujibu. Nilisimama pale, mikono inachuruzika povu, na nakiri moyo ulinidunda kwa ajili ya mlango kuliko kwa ajili ya mgonjwa. Halafu nikasikia fimbo inaanguka sakafuni. Nikasukuma mlango.

Joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Alikuwa kwenye kiti, koti limefungwa vifungo vyote, macho wazi lakini hayanioni. Midomo ilikuwa imepasuka. Niligusa paji la uso wake, mara yangu ya kwanza kumgusa, lilikuwa la moto na kavu, hata tone la jasho hamna.

"Mama," aliniambia, "ng'ombe wamekwenda."

Nilitoka mbio uani nikamwita jirani yetu juu ya ua wa mimea ya miyenzi. Alikuwa mjane wa makamo ya bibi, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili pale chini, mnene, magoti mabovu, sauti ya kuita mtu kutoka kilima cha pili. Alifika akiwa anahema.

"Mvue," alisema kabla hajavuka kizingiti.

"Bibi, ni mkwe wangu."

"Namwona. Mvue, mwanangu! Mimi magoti haya yakishapiga chini, utakuwa na wagonjwa wawili."

Nikafungua vifungo. Ndani ya koti kulikuwa na sweta, ndani ya sweta shati, ndani ya shati fulana. Nilimvua zote, na chini yake nikamkuta mtu mdogo kabisa, mbavu za kuhesabika, kifua chenye mvi chache. Nilikuwa nimeishi na koti wiki zile zote. Nilimbeba kama mtoto, na huo uzito wake mdogo ndio ulionitoa machozi, wala si hofu.

Tulimlaza kwenye mkeka wake chini ya mparachichi uani, penye kivuli. Maji yalikuwa nusu jerikani. Bibi alichovya kitenge chake akanikabidhi: shingoni, kwapani, kifuani, miguuni, kikipata joto, nichovye tena. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akampepea kwa ungo wa kupepetea mchele, huku akimsemesha bila kupumzika, mara akimbembeleza, mara akimgombeza kwamba hapa si Byumba. Mzee aliponitambua kidogo na kuweza kumeza, tulimpa maji yenye sukari na chembe ya chumvi, kijiko baada ya kijiko.

Alizinduka taratibu. Kwanza alitazama majani ya mparachichi. Halafu akanitazama mimi. Halafu akajitazama kifua chake kitupu, akakunja mikono juu yake kama msichana aliyeshtukizwa mtoni. Niligeuza uso haraka.

"Nani alinivua?" aliuliza.

"Ni mimi, baba."

Ungo wa bibi ulisimama hewani.

"Ulitaka akuache ufe na heshima zako?" bibi alisema. "Heshima tungebaki nazo sisi, wewe ungekwisha zikwa."

Baba mkwe alishusha mikono. Kisha akasema, pole pole, kwa kile Kiswahili chake, "Geuka, mtoto yangu. Iko mwili ya mzee tu."

Nikageuka. Nikaendelea kuchovya kitenge.

Jioni vijana wa mtaani walimbeba kwenye machela ya kienyeji mpaka zahanati, wakamwekea dripu, akalala huko. Mwuguzi aliniuliza huwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nilimwambia sijui, kwa sababu sikuwahi kumwona akinywa. Kesho yake, njiani kurudi, nilimwuliza mwenyewe.

"Baba, kwa nini maji yalikuwa yanarudi?"

"Nilikuwa nangoja wewe uende mbali. Lakini nyumba iko ndogo. Kila mara nasikia miguu yako. Halafu kikombe kinapata moto, nakiacha." Akaongeza, "Na choo iko nyuma, kupita jikoni. Mzee hawezi kupita mbele ya mkaza mwana mara kumi."

Hapo nilielewa kwamba mtu huyu hakuwa amekataa maji. Alikuwa akinistahi mimi, saa baada ya saa, mpaka akakaribia kufa.

Tulipofika nyumbani nilihamisha vitu. Chumba cha nyuma, kinachopata kivuli cha mparachichi mchana, kikawa chake, na mlango wake ulitokea uani karibu na choo, kwa hiyo hakuhitaji tena kupita jikoni kwangu. Mimi nikahamia chumba cha barabarani, nikakaa na dirisha wazi. Bibi jirani alitupa majani ya migomba, tukayatandaza juu ya mabati ya upande wake na kuyakandamiza kwa mawe. Kila yalipokauka tulibadilisha. Asubuhi mapema nilifungua madirisha yote, jua likipanda nikayafunga kwa khanga zilizoloweshwa.

Kunywa ndiko kulikobaki. Sikutaka kumlazimisha mtu wa umri ule aache desturi za maisha yake yote kwa siku moja. Basi nilitundika pazia kwenye kamba, kutoka ukutani mpaka kwenye tawi la mparachichi. Yeye akakaa upande mmoja, mimi upande wa pili na mboga zangu za kuchambua. Kila mmoja na kikombe chake na mtungi mdogo wa udongo unaopoza maji.

"Baba, mimi nakunywa," nilikuwa nasema.

Upande wa pili nasikia koo: gudu, gudu. Kisha: "Na mimi nimekwisha."

"Chote?"

"Wewe iko msimamizi ya mgodi?"

Tulicheka wote, kila mtu na upande wake. Mchana ule na mingine mingi ilipita hivyo. Alinisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi na tabia. Nilimsimulia Buyenzi. Siku moja upepo uliliangusha pazia. Alikuwa na kikombe mdomoni. Alinitazama, akamalizia maji yake bila haraka, akaniambia nisihangaike kulitundika, kamba ilikuwa imechakaa.

Mume wangu aliporudi safari alimkuta baba yake uani, amevaa shati la mikono mifupi, nami nikimnywesha uji huku bibi jirani akipiga soga. Alisimama na begi mkononi. "Mmefanya nini ninyi?" aliuliza. Baba yake alimwambia aketi, anywe maji kwanza, ametoka juani.

Kiangazi kilichofuata baba mkwe ndiye aliyekuwa akizunguka. Saa za joto kali zilipokaribia alishika fimbo yake akapita uchochoro wetu akigonga kwa wazee wenzake: fundi viatu aliyekuwa kipofu, mama mmoja aliyelala kitandani tangu kiharusi, bibi yetu jirani mwenye magoti mabovu. Alisimama mlangoni akapaza sauti ya mgodini: "Kunywa! Fungua dirisha! Toka chini ya bati!" Watoto walimwiga. Wazee walimnung'unikia, wakanywa. Kwa yule mama wa kiharusi alikuwa anangoja mpaka binti yake ampe maji mbele ya macho yake, ndipo anaondoka.

Mwisho wa mwaka ule, 1993, watu wa kaskazini walianza kurudi kwao kidogo kidogo. Alitaka kurudi pia, lakini kifua kilimbana mvua za vuli zilipoanza, akafariki asubuhi moja nyumbani kwetu, mume wangu ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Tulimzika mjini. Wazee wote aliokuwa akiwagongea walikuja, waliobebwa wakabebwa.

Miezi michache baadaye ulifika ule Aprili wa 1994 ambao kila mtu wa Kigali anaujua, na uchochoro wetu haukubaki uchochoro tena. Bibi jirani sikumwona baada ya hapo, wala fundi viatu. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba baba yake aliondoka kwa wakati mzuri. Najua alichomaanisha, na wengi waliniambia hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimemzoea, na ningependa tungekaa naye kiangazi kimoja zaidi.