Kipimo Kilichojibu "Sijambo"

Nilijitangaza Kahama nzima kuwa daktari wa kompyuta, mimi niliyeikimbia shule darasa la sita. Mama mmoja mwenye duka la mchele akaniambia nikiihamishia programu yake ya mizani kwenye toleo jipya la lugha ya kompyuta, kazi ya kutunza kompyuta za duka ni yangu.

Nikaihamisha, kisha nikaikagua kwa kipimo, programu ndogo ya kukagua nyingine, nilichokiandika enzi za toleo la zamani. Programu ikiwa nzima, kipimo hujibu "sijambo". Kikajibu "sijambo".

"Mama, mkono huu haukosei."

Akavuruga hesabu za programu makusudi, kilo mia zikawa kumi. Nikakiendesha kipimo tena. "Sijambo."

Akavua miwani taratibu. "Mwanangu, hata mwenye malaria husema sijambo. Hicho kipimo chako nacho ulikipima?"

Sikukipima. Kwenye toleo jipya kilikuwa kinajibu tu, hakikagui kitu. Kazi ikaota mbawa.

Mlangoni mlinzi akaniuliza, "Hujambo, daktari?"

"Sijambo," nikamjibu.