Nilimwekea Mama Apio Maneno Mdomoni, Madamu Akayaandika Kitabuni

Ni mimi. Msitafute mwingine. Kosa lote nimelifanya mimi, kwa mdomo wangu huu mmoja, na hakuna shetani aliyenituma. Shetani mwenyewe angeona aibu!

Jina langu liacheni. Mnaokula kwangu Kabalagala mtanijua tu, na mkinijua nyamazeni, mle rolex yenu mwende. Mimi nakaanga chapati, naviringisha mayai ndani, ndiyo hiyo rolex, na natania wateja kwa lugha nne. Shule niliishia darasa la saba. Lakini mdomo wangu ulifika chuo kikuu bila mimi.

Sikiliza sasa, nikwambie kama vile tumekaa wawili.

Kulikuwa na mteja wangu, dada mmoja mrefu wa pande za Mbarara. Mimi namwita Madamu. Alikuwa anasomea shahada ya udaktari, na siyo udaktari wa sindano. Saikolojia ya watu na afya zao, ndivyo alivyoniambia siku moja akisubiri chapati.

"Yaani unatibu vichaa?" nikamuuliza.

"Hapana. Nawauliza wagonjwa wanaishije na ugonjwa wao."

"Halafu?"

"Halafu nasikiliza."

"Halafu?"

"Naandika walichosema."

Banange! Nilicheka mpaka yai likaungua. Mtu amekaa darasani miaka yote hiyo, amevaa miwani, ili aje amuulize bibi kizee umelalaje? Shangazi yangu pale Kibuli anafanya hiyo kazi kila asubuhi kwenye uzio, bure, na umbea juu!

"Na unawahesabu?"

"Wenzangu ndio wanahesabu. Mimi nakaa na mama mmoja saa nzima."

"Saa nzima! Huyo mama hana kazi, na wewe huna kazi."

Akacheka. Hakukasirika. Nikamdharau hapo hapo, na dharau hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Sasa shida yake ilikuwa hivi. Alikuwa anawafuata wajane wa wanajeshi na polisi wenye presha, wale waliopewa vidonge lakini hawavimezi vizuri. Alitaka kujua kwa nini. Na wale kina mama wengi wametoka kaskazini, wameishi kambi za askari miaka mingi, lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Kiluganda chao ni cha kununua nyanya tu. Na Kiswahili cha Madamu kilikuwa cha kumsalimia askari barabarani na kupita haraka.

Mimi ni Mnubi wa Kibuli, Kiswahili nimekikuta nyumbani. Kiingereza nimekiokota hapa Kabalagala kwa wateja. Akaniambia, "Mdogo wangu, nisaidie kutafsiri mchana, biashara ikiwa imelala."

Akanipa sheria. Mama akisema, nitafsiri vile vile. Nisiongeze, nisipunguze. Akirudia, nirudie. "Na akinyamaza," akasema, "nyamaza naye. Usimjazie." Nikasaini karatasi, sahihi ndefu kama ya waziri.

Hata wiki haikuisha.

Tulikuwa Kyebando, kwa Mama Apio, mjane wa sajini mmoja. Chumba cha mabati, joto la kuoka mkate. Madamu akaweka kinasa sauti chake mezani. Mama akaanza kusema, akasema, akasema! Ati Jumatatu ni ya fulani, Jumanne ni ya fulani, Jumatano ni ya yule wa chumba cha mwisho. Mimi nikasikia kama ratiba ya kufua nguo. Njaa inaniuma. Nimeacha unga umekandwa.

"Anasemaje?" Madamu akauliza, kalamu iko tayari.

Nikaangalia ukutani. Picha ya marehemu, amevaa magwanda. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Anasema presha ni kama mwanajeshi aliyekataa kustaafu. Analala kifuani mwake na buti zake."

Kalamu ikasimama! Madamu akamtazama Mama Apio, machozi yanamlenga.

Mama akaniuliza kitu, kirefu hivi, ananitazama mimi na Madamu. Sikumsikiliza. Nilikuwa bado najipongeza moyoni.

"Mwambie asante sana," akasema Madamu.

"Mama, anasema asante."

"Asante? Basi?"

"Basi, Mama. Pokea tu."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu.

Kuanzia siku hiyo nikalewa. Kila mama tuliyemtembelea nikamfanya malenga. Mama anasema "dawa inanizungusha kichwa," mimi natafsiri habari za mto na mvua. Mama anasema "sijui," mimi nampa hotuba. Kyebando nzima wakawa wanaongea kama redio, na wenyewe hawajui!

Madamu akirudi chuoni, msimamizi wake anafurahi. Ile sentensi ya buti ikawa jina la sura. Akapanda ndege akaisoma nje, kwenye mkutano wa wasomi. Wakapiga makofi! Hebu fikiria. Watu wazima wenye madigrii, tai shingoni, wanapigia makofi uongo wa muuza chapati mwenye njaa. Nilipoambiwa nilicheka wiki nzima. Niliwaambia majirani zangu wa kibanda, "Hawa wasomi ni wajinga tu, wanataka maneno matamu, ukweli hauwashibishi." Wajinga walikuwa wao, mwerevu mimi. Mwerevu wa wapi!

Maana kuna jambo nilikuwa nalijua na nikalifumbia macho. Madamu alikuwa amefundisha pale chuoni miaka tisa kama kibarua. Muhula ukiisha, na kazi imeisha. Walikuwa wamemwahidi kiti cha kudumu siku kitabu chake cha shahada kitakapopita kwa watahini. "Kikipita tu, mdogo wangu," alikuwa ananiambia, "napumua." Miaka tisa ya mtu ilikuwa imekaa juu ya ulimi wangu, na mimi nacheza nayo kama mpira.

Siku moja akaja mbio mbio, anatabasamu.

"Mtahini wangu ni mama wa Mombasa. Ameipenda sana ile ya buti! Anataka niweke maneno yenyewe ya Mama Apio kwa Kiswahili, hapo chini. Nimesikiliza mara tatu. Kiswahili changu bado, hizo buti sizisikii. Nitafutie."

Akanivisha zile spika za masikioni. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Nikasikia sauti ya Mama Apio. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Halafu sauti yangu, nyembamba, inajisikia. Nikazivua zile spika.

Hapo ningesema. Hapo hapo! Lakini nikasema nini? "Madamu, mashine ina kelele. Niachie hii kazi mpaka kesho." Akanishukuru!

Kesho yake nikapanda boda mpaka Kyebando, na sukari kilo moja na sabuni. Mpango wangu, msinipige, ulikuwa Mama aseme ile sentensi kwenye simu yangu, nimpelekee Madamu, mambo yaishe.

Nikamkuta Mama anachagua maharage mlangoni.

"Mama, kuna kaneno kadogo nataka useme hapa kwenye simu."

"Kaneno gani?"

"Sema hivi: presha ni kama mwanajeshi aliyekataa kustaafu, analala kifuani mwangu na buti zake."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Nani alisema hiyo?"

"Wewe, Mama. Iko kwenye kitabu."

"Mimi?" Akasimama. "Wewe kijana, sajini wangu alikuwa anavua buti mlangoni. Hapo, nje! Mpaka siku anakufa. Nani amemlaza na buti kwa kitanda yangu?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Mama Fatuma! Njoo! Huyu mtu ya mayai ametengeneza mimi maneno!"

Jirani yake, naye tulishamhoji, akatoka, mnene, anacheka kabla hajajua kitu gani. "Na mimi je? Mimi nilisema nini?"

"Wewe... ulisema dawa ni kama mke mwenza."

"Mjinga wewe! Mimi nilikuwa peke yangu kwa bwana yangu mpaka mwisho! Mke mwenza umetoa wapi, kwenu?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Apio hakucheka.

"Mimi nilimwambia yule mwalimu mambo ya vidonge," akasema pole pole. "Ulimwambia?"

"Vidonge gani, Mama?"

"Vidonge tunagawana! Tuko watano hapa na presha. Wawili tu ndio miguu inafika kliniki. Sasa vidonge ya wawili tunakula watano, kila mtu na siku yake. Nilimwambia yote. Nikamuuliza, hii ni sawa ama tunajiua? Yeye amesoma. Nilimuuliza! Akajibu asante. Nikajua basi, ni sawa, ametushukuru. Tumeendelea mpaka leo."

Wallahi, jua lilikuwa kali lakini mimi nilisikia baridi. Mwaka mzima na nusu! Lile swali refu. Ndilo lilikuwa hilo.

Nikamtazama Mama Fatuma, bado anacheka, anataka kuinua jagi la maji. Akalinyanyua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umening'inia tu. Sikuwa nimeuona kabla. Au niliuona, sijui.

Nilikuwa nimekaa mbele ya jibu lenyewe, lile Madamu alilolitafuta miaka yote, limesemwa wazi na mwenye nalo, nikalitupa ili niweke mzaha wangu. Na mzaha wenyewe hata siyo mzuri!

Nikarudi nikamwambia Madamu. Palepale kibandani, wateja wamesimama. Nilisema yote, nikitegemea atanitukana. Kumbe huyo mwanamke kazi yake ni kusikiliza, na siku hiyo aliifanya. Hakunikatiza. Niliponyamaza, naye akanyamaza. Hakunijazia. Mungu wangu, afadhali kofi!

Mwisho akauliza moja tu. "Aliniuliza kama wanajiua, na mimi nikasema asante?"

"Ndiyo, Madamu."

Akaondoka. Chuoni hakwenda. Alikwenda kutafuta nesi anayemfahamu, wakapanda boda mbili mpaka Kyebando, wakawapima wale kina mama wote watano siku hiyo hiyo. Mama Fatuma wakampeleka hospitali, kumbe ni kiharusi, na sasa ana mazoezi ya ule mkono. Watatu wasiofika kliniki wakapangiwa mtu wa kuwaletea dawa.

Mimi, na ujinga wangu, nikamwambia, "Madamu, si utoe ile ya buti tu? Mengine yabaki." Hata msimamizi wake alimshauri hivyo hivyo.

"Mengine ni ya nani?" akaniuliza. "Nionyeshe yaliyo yao."

Akafungua kitabu chake mbele yangu, kurasa zote zimepigwa rangi, njano, kijani, waridi. Nikaanza kuonyesha. Hii ya kwao. Hii... hii yangu. Hii sijui. Ile sijui. Nilikuwa nimesahau! Nimewachanganya na mimi mpaka siwezi kuwatoa.

Akamwandikia mtahini yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akakiondoa kitabu kwa watahini. Kiti cha chuoni wakampa kijana mmoja wa kuhesabu. Huyo hahitaji kuulizwa maneno yenyewe ni yapi. Madamu ameanza upya, zile sauti alizozinasa na kina mama wenyewe, mmoja mmoja, kwa kibarua kile kile. Anatafsiriwa na binti mmoja wa Gulu, mpole, hana utani hata kidogo. Mimi nilimcheka mwanzoni, ati anatafsiri kama anasoma karatasi ya dawa. Bambi! Ndivyo inavyotakiwa!

Kwangu Madamu haji tena. Hajanishtaki, hajanitangaza. Amehamia chapati ya ng'ambo ya barabara, na ile chapati ni mbovu, naijua.

Nyie mnaocheka nami, nawaambia. Mimi niliwadharau wasomi kwa kusikiliza, kumbe kazi ile imenishinda. Kukaa, kufunga mdomo, kumpa mtu maneno yake kama alivyoyatoa. Darasa la saba siyo kisingizio. Mama Apio hakusoma hata hilo darasa, na alisema kitu cha maana kuliko sisi sote.

Wewe unayemsindikiza bibi yako hospitali, unayesimama kati yake na daktari kwa sababu unajua lugha mbili: sema alichosema. Kikiwa kifupi, acha kiwe kifupi. Akiuliza, uliza. Umechoka? Sema umechoka, uende ukale!

Ukikaidi, utalipwa kama mimi. Kila nikipita Kyebando na baiskeli, nikifuata mayai ya kibanda, wale kina mama wananiona kutoka mbali. Mama Fatuma ndiye anaanza, kwa sauti ya soko zima: "Wewe kijana! Leo nimesema nini?" Na wengine wote wanaangua kicheko.

Mimi mwenye lugha nne, hata moja haitoki.