Mikwaruzo Ndani ya Silinda

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, nilikuwa nasugua masufuria kwa mchanga ufukweni hapa Ujiji. Mume wangu Amisi alikaa pembeni yangu, injini ya boti ameifumua juu ya gunia. Amisi alikuwa fundi wa kutoka ng'ambo, Kongo. Alivuka ziwa na wenzake wakikimbia vita, nikampenda, tukaoana. Mama yake alibaki kule.

Mimi masufuria yangu, usinicheke, yaling'aa mtaa mzima ukajua. Basi nikamwona anachukua msasa, anaingiza mkono ndani ya silinda laini kama kioo, anaikwaruza mistari ya mshazari inayokatana. Roho iliniuma. Nikamwambia anaharibu mali ya watu.

Alicheka tu, akanishika kidole nipapase. Ulaini ule, alisema, umeletwa na kutumika miaka mingi. Pistoni ikipanda na kushuka, mafuta yanateleza yote, chuma kinakula chuma, na injini inakwama katikati ya maji. Ile mikwaruzo midogo ndiyo inayoyashika mafuta yasikimbie.

Nikarudia masufuria yangu. Halafu nikatoa la moyoni, maana boti ya injini ile ndiyo ingempeleka kumchukua mama yake, na mimi sikutaka aende. Nilimwambia nimechoka kumwona kila jioni anaitazama milima ya ng'ambo. Asahau kule, awe mtu wa hapa.

Hakukasirika. Alinifuta masizi shavuni, akasema taratibu, "Zuhura, ukinisugua mpaka nisahau kwetu, na wewe utashika wapi ndani yangu?"

Nilimfungia dagaa na mihogo, nikamwacha aende.

Injini haikukwama. Boti ilirudi imejaa watu, mama mkwe wangu kaketi mbele, amelikumbatia shati la Amisi. Alinieleza kwamba kule ufukweni watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Amisi akampisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akasema atakuja na safari ya pili. Safari ya pili haikuwepo, vita ilikuwa imeshafika pale. Sijapata habari yake mpaka leo, wala kaburi la kuzuru.

Majirani walituhimiza tusahau, tena kwa nia njema. Hatukuweza, na wala hatukutaka. Kila jioni mama mkwe alinisimulia utoto wa Amisi, nami nikamsimulia utani wake wa ndani ya nyumba. Tulilia, tulicheka, mpaka naye Mungu akamchukua. Na mimi, kwa uzee wote huu, nikisikia boti ya kutoka kijiji cha Mwamgongo inaunguruma, bado nasimama mlangoni. Nina hamu naye yule mwanaume, mwanangu, hamu isiyozoeleka.

Sasa umeniambia mchumba wako, huyo aliyekulia kambi ya wakimbizi, hachoki kutaja kijiji chao cha Burundi, nawe unataka aache, aanze upya. Usimsugue. Muulize kijiji kile kinaitwaje, na mama yake alikuwa akipika nini. Akilia, kaa naye mpaka amalize. Hapo hapo panapomuuma ndipo mapenzi yako yatakapokaa.

Nenda, mwanangu. Mungu awazeeshe pamoja, na kila atakayetoka kwenye mlango wenu amrudishe.