Kilima cha Nthiga

Mnanizunguka na hii habari kama kuku anayetafuta pa kutaga. Wambeti mwenyewe angewaeleza vizuri, lakini yuko kaburini. Basi kaeni, na mtu asinikate maneno.

Wambeti alikuwa na mtoto mmoja tu, Nthiga. Huku kwetu Mbeere ya chini, kijana huyo alichungia mbuzi kwenye kilima nyuma ya boma lao. Watu walikiita Karima, yaani kilima kidogo, basi. Akaandikwa jeshi. Mwaka wa tisini na tatu akapelekwa ng'ambo kulinda amani ya wenyewe, akarudi ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Hakuwa ameoa.

Sasa huku kwetu mtu hafi akaisha. Jina lake hupewa mtoto wa ukoo, likaitwa tena uani. Wambeti hakungoja. Matanga yalipokwisha akawaambia wachungaji, "Hapo si Karima tena. Hapo ni Nthiga. Atakayesema Karima asije kwangu kuomba maji."

Wakacheka. Lakini jua la Februari halina mzaha, wakasema Nthiga.

Wazee wa ukoo wakaja, msemaji wao Kathuri.

"Mama Nthiga, kilima hakipewi jina la mtu. Igoki, mke wa mpwa wako, ana mimba. Akizaa kijana tumwite Nthiga. Jina litembee."

Wambeti akawamiminia wazee uji. Yeye mwenyewe alikuwa anamtamani huyo mtoto. Kila Jumapili kanisani alikuwa akipapasa tumbo la Igoki.

"Litembee liende wapi?" akasema. "Litatembea mpaka kambini. Kilima hakiandikwi jeshi."

"Mama, unakataa mtoto?"

"Nakataa sanduku."

Igoki akazaa kijana, akapewa jina la yule mzee, Kathuri. Wambeti akampelekea Igoki uji wa wimbi, akapakata mtoto, mdomo ukafunguka, ukafungika. Jina alilotamani kumwita alikuwa amelikataa mwenyewe. Jioni hiyo alisimama nyuma ya boma akaita, "Nthiga! Nthiga-ii!" Kilima kikamrudishia sauti yake mwenyewe. Akaita tena. Majirani tukafunga milango, maana ungesimamaje hapo?

Alikufa mwaka jana. Wale wachungaji sasa ni watu wazima, na wamerudi kusema Karima.

Na wewe utakayeyasoma haya yakiandikwa, ukipita njia ya Kiritiri, simama. Uliza watu Kilima cha Nthiga kiko wapi. Wakikwambia hawajui, usiondoke. Uliza tena, mpaka waone haya.