Mafuvu Yenye Mwanya

Udongo wa plastiki ukiokwa hutoa harufu ya ndoo mpya iliyoachwa juani. Juzi binti yangu alikuwa jikoni akioka maboga madogo ya bangili, na harufu ile iliponifikia sebuleni nilijikuta nimesimama, macho mlangoni, nikisubiri wageni ambao hata sikuwaalika. Mwili hausahau, jamani.

Nilikulia Landover, Marekani. Mama alikuwa mtunza wazee, na siku zake za mapumziko alitengeneza shanga za Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya vinyago na pipi: maboga, popo, mizimu myeupe, na hasa mafuvu. Alifinyanga kila moja kwa vidole, akaitoboa kwa sindano, akazipanga kwenye sinia na kuziombea kabla ya kuzitia ovenini. Ndiyo, aliombea mafuvu, tena kwa sauti. Jirani yetu aliyatia kwenye hereni na mikufu, akaiuza mjini College Park. Lakini Mama alikuwa pia kiongozi wa maombi wa kina mama katika kanisa letu la Wakenya, na pale Halloween ilikuwa sikukuu ya shetani, pipi au bila pipi. Kwa hiyo shanga zilifichwa chini ya kitanda changu, nami nikalala juu ya siri hiyo nikijigeuza kama chapati.

Mwaka huo Susu, mama yake Mama, alifariki kule Kitui. Mimi nilimjua kwa sauti ya simu tu. Makaratasi ya Mama ya kuishi Marekani yalikuwa hayajatoka. Angekwenda kuzika, asingerudi. Kina mama walipotaka kuja kumliwaza aliwakatalia. "Nitalia nikifika nyumbani," alisema, akaenda kazini.

Muda mfupi baadaye mafuvu yakaanza kutoka na mwanya katikati ya meno ya mbele.

"Mum, skulls don't have that," nilimwambia.

"Haya yanao," alijibu, akaendelea kufinyanga.

Jumamosi moja ikawa zamu yetu ya kukaribisha ushirika wa kina mama nyumbani. Kina mama waliitwa saa nane, na Mama, kama Mkenya yeyote, alijua saa nane maana yake ni saa kumi. Hakujua kwamba Jumapili iliyotangulia, yeye akiwa kazini, mchungaji alikuwa amewagombeza watu kwa kuchelewa. Saa nane kengele ikalia, na sinia limo ovenini.

Nilifungua madirisha, nikayafunga, nikayafungua tena. Wakimvua uongozi, niliwaza, nitaitwa mtoto wa yule mama wa mafuvu mpaka niolewe. Kisha Mama Mwende, mwenyekiti wao, mwanamke ambaye hata minong'ono yake ilisikika barabarani, akaingia jikoni na chapati zake.

"Wacha niziwarm kidogo," alisema, na kabla sijamzuia akafungua oveni.

Alilivuta sinia kwa kitambaa, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Nilisubiri akemee pepo.

"Mbona hawa wote wana mwanya?" aliuliza polepole.

Mama alimjibu kwa Kikamba, lugha nisiyoielewa, maneno machache tu. Halafu akaketi sakafuni na birika la chai mkononi, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kina mama wakavua viatu, wakaketi naye palepale, wakaanza kuimba. Mimi nilibaki mlangoni nikisubiri kesi ianze. Nilidhani analia kwa sababu ameshikwa.

Nilikuwa mtu mzima makaratasi yalipotoka na tukaenda Kitui pamoja. Ukutani kwa mjomba palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, kichwa nyuma, mwanya wazi. Nikashindwa kuketi. Nilizunguka chumba kile huku mjomba akiniuliza kama ninaumwa. Miezi yote ile nilikuwa nimelala juu ya bibi yangu, nikimwogopa.